Bingwa kwenye kochi la sebuleni

Asubuhi moja ya mwezi wa kumi, mwaka 2019, nilirudi kutoka zamu ya usiku nikakuta glavu tatu zimetandazwa juu ya tundu la hita sebuleni. Tatu, na zote za mkono wa kulia. Zilikuwa zimekakamaa kwa chumvi ya jasho, na nyumba nzima inanuka kama chumba cha kubadilishia nguo. Mwenye glavu alikuwa amelala kwenye kochi letu la watu wawili, miguu inaning'inia nje kuanzia magotini, na begi lake refu la raketi limesimama nyuma ya mlango kama mtu wa pili.

Mke wangu alikuwa jikoni anachemsha chai. Akaniuliza kwa sauti ya chini, "Baba watoto, hivi si ulisema huyu ni mchezaji wa kulipwa?"

Nikamwambia ndiyo.

"Analipwa na nani, mbona analala kwenye kochi?"

Sikuwa na jibu la haraka. Miaka imepita na swali bado linanirudia, na kila nikitaka kulijibu najikuta nasimulia mambo mengi kwa mpigo. Leo nimeamua kuyaandika yote, kwa sababu ni mambo ya mchezo ninaoupenda, raketiboli, na sijaona mtu akiyasimulia kwa Kiswahili.

Naishi Minneapolis, Minnesota. Nilikuja kama wengi wetu tulivyokuja, nikabeba boksi hapa na pale, nikatulia kwenye kazi ya kutunza wazee, zamu za usiku. Kwenye jumba hilo la wazee kulikuwa na fundi wa matengenezo, mtu mzima kutoka jimbo la Chihuahua, Mexico. Balbu ikiungua anaitwa yeye, bomba likivuja yeye. Sikuweza kumwita kwa jina lake mtu wa umri wa baba yangu, nikamwita Mzee. Aliponiuliza maana yake nikamweleza, akalipenda neno lile hadi akaanza kujitambulisha nalo kwa wenzetu wa kazini. Mwezi wa kwanza mmoja, baridi imeshuka nyuzi 20 chini ya sifuri na mimi nimeanza kuongea peke yangu kwa upweke, akanishika mkono akanipeleka jimu iliyokuwa karibu na kazini. Akafungua kimlango kidogo kilichokatwa ukutani, akaniambia niiname niingie.

Ndani mlikuwa na kuta nne nyeupe, sakafu ya mbao na dari ya juu sana. Hakuna neti, hakuna dirisha. Akanipa miwani ya plastiki ya kukinga macho na raketi fupi yenye kamba ya kufunga kwenye kifundo cha mkono, kwa sababu raketi ikikuponyoka humo ndani mwenzako hana pa kukimbilia. Kisha akaurusha mpira wa bluu, akaupiga, na ule mlio ukanigonga kifuani.

Hiyo ndiyo raketiboli (racquetball). Ukimweleza mtu wa Dar au Nairobi atasema, "Aa, skwoshi." Hapana. Skwoshi tunaijua kwenye klabu za Gymkhana: kampira kadogo kazito ambako lazima ukapashe moto ndiyo kadunde. Mpira wa raketiboli ni mkubwa, kipenyo chake kama sentimita 5.7, ni raba yenye uwazi ndani, na unaruka kama umechokozwa. Chumba kina urefu wa mita 12.2, upana wa mita 6.1 na kimo cha mita 6.1, na unaruhusiwa kuutumia wote, pamoja na dari. Lakini tofauti iliyoniteka mimi iko chini kabisa ya ukuta wa mbele. Kwenye skwoshi pale chini kuna bati. Mpira ukiligonga umepoteza, na bati hilo lina kimo cha sentimita 48, au 43 kwa wachezaji wa kulipwa. Raketiboli haina bati. Mpira wako unaweza kuugusa ukuta milimita moja juu ya sakafu ukahesabika. Ukifika pale unarudi umelala, unaviringika kwenye mbao kama gololi, na hakuna mwanadamu wa kuuokoa. Wachezaji wanaishi na kufa kwa mpigo huo.

Ukitafuta mpigo wa chini namna hiyo, mara nyingi utashuka kupita kiasi: mpira utagusa sakafu kwanza ndipo upande ukutani. Hapo umepoteza. Na tofauti kati ya mpira halali na mpira uliogusa sakafu ni ndogo kiasi kwamba mara nyingine refa aliye nyuma ya kioo hawezi kuiona. Inasikika zaidi kuliko inavyoonekana. Mpira safi unalia pa, mara moja, mkavu. Ulioanzia sakafuni unalia p-pa, sauti mbili zilizoshikana, kama mwenye kigugumizi kidogo. Na wa kwanza kujua ni yule aliyeupiga. Neno la pili la Kiswahili nililomfundisha Mzee lilikuwa "chini". Mpira wako ukigusa sakafu, unasema mwenyewe: chini. Husubiri mwenzako alalamike.

Mzee ndiye aliyenisimulia habari za Ruben Gonzalez, mtu wa Staten Island, New York, aliyemaliza msimu wa 1988 akiwa namba 1 wa wanaume wa kulipwa huku ameshapita miaka 35. Kisa kinachosimuliwa sana kumhusu ni kwamba alikuwa kwenye fainali, pointi ya kumaliza mechi, akapiga mpira wa chini kabisa. Refa akasema halali. Mwamuzi wa mstari akasema halali. Gonzalez akamgeukia mpinzani wake akasema mpira uligusa sakafu, na mechi ikaendelea, na akashindwa. Watu wanakisimulia kwa namna nyingi, na kila msimulizi anaongeza chumvi yake. Lakini kwamba alikuwa mtu wa namna hiyo, hakuna anayebisha. Mzee alikuwa akilitaja jina hilo kama sisi tunavyomtaja babu aliyeanzisha ukoo.

Mchezo wenyewe umri wake si mkubwa. Mwaka 1950, kwenye YMCA ya Greenwich, Connecticut, mtu aitwaye Joe Sobek alichoka na michezo iliyokuwepo akatengeneza raketi fupi yenye nyuzi ili acheze kwenye vyumba vya mpira wa mkono, ule wa kupigwa ukutani kwa kiganja. Mwaka 1969 tajiri wa ujenzi wa Chicago, Robert Kendler, akaunda chama, na 1973 akaachana nacho akaanzisha mashindano ya kulipwa. Sehemu ninayoipenda kwenye historia hii ni San Diego ya miaka ya 70. Vijana wenye nywele ndefu walihamia kule kutoka kila pembe ya Marekani kwa sababu viwanda vya raketi vilikuwa kule na ndivyo vilivyowalipa. Kimoja, Ektelon, kilianzishwa na Bud Held, mrusha mkuki aliyewahi kushikilia rekodi ya dunia na aliyekwenda Olimpiki ya 1952. Mrusha mkuki anatengeneza raketi! Nilipolijua hilo niliona kila kitu kinakaa mahali pake, maana mpigo wa raketiboli ni bega na nyonga na kifundo cha mkono, kama kurusha.

Mfalme wa San Diego alikuwa Charlie Brumfield, mchezaji wa akili, anayekusogeza taratibu mpaka unajikuta umebanwa kwenye kona. Kisha akaja kijana wa St. Louis, Marty Hogan. Walimu wote walifundisha mpira upigwe mbele ya mwili, kwa mkono mfupi, kwa tahadhari. Hogan akauacha ushuke na upite, akaupiga karibu na mguu wa nyuma kwa nguvu zake zote. Wakubwa wakasema ni makosa, hatadumu. Aliutawala mchezo hadi kuingia miaka ya 80, na tangu hapo kila mtu anapiga kama yeye. Leo wanaume wa kulipwa wanaanzisha mpira kwa kasi inayopita kilomita 240 kwa saa, kutoka mita tano hivi mbele ya ukuta. Mimi nimewahi kusimama kupokea mpira wa mgeni wangu wa kwenye kochi. Niliusikia nyuma yangu.

Baada ya Hogan wakaja Mike Yellen wa Michigan, aliyemaliza misimu mitano mfululizo akiwa wa kwanza, Cliff Swain, mashoto kutoka Massachusetts, mara sita, na Sudsy Monchik, mtoto mwingine wa Staten Island, mara tano. Siwaelezi mmoja mmoja, ingawa kila mmoja anastahili makala yake.

Nataka kusimama kwa Kane Waselenchuk.

Mara ya kwanza kumwona ilikuwa kwenye US Open ya raketiboli. Mashindano hayo yalianza Memphis, Tennessee, mwaka 1996, na 2010 yakahamia hapa Minneapolis, yaani yalinifuata nyumbani. Mzee alinunua tiketi mbili. Tulikaa nyuma ya ukuta wa kioo, karibu kiasi cha kuona matone ya jasho yakidondoka sakafuni na mtu kuja kuyafuta kwa taulo. Waselenchuk ni Mkanada, mzaliwa wa Edmonton, mashoto. Nilitegemea kuona mtu wa nguvu. Niliona mtu asiye na haraka. Mwenzake alikuwa anakimbia, viatu vinalia kwenye mbao, anajirusha kifudifudi. Yeye anasimama katikati, hatua mbili, tatu, anaupokea mpira kabla haujadunda, na mkono wa kushoto unapita kama anafunga mlango. Mpira unaviringika. Anageuka na kurudi mahali pake bila kuutazama, kwa kuwa alishajua.

Mtu huyu alimaliza akiwa namba 1 kwa misimu zaidi ya 10. Alishinda mashindano zaidi ya 100 ya ziara ya wanaume, yaani mzunguko wa mashindano ya kulipwa ya mji hadi mji, ule unaoitwa International Racquetball Tour. Kuna kipindi alishinda mechi 137 mfululizo. Watani wa jadi wanakumbuka Yanga walipofikisha mechi 49 za ligi bila kufungwa, mpaka Ihefu walipowasimamisha Novemba 2022. Nchi nzima ilikuwa inahesabu. Bodaboda wanahesabu, wabunge wanahesabu. Na zile 49 zilikuwa na sare ndani yake. Hapa kuna mtu ameshinda 137, hakuna sare, na aliyekuwa anahesabu ni nani? Mzee, na watu mia chache nyuma ya kioo. Jioni ile Waselenchuk alipotoka, alipita katikati yetu na taulo shingoni, akasimama kuongea na baba mmoja aliyekuja na mwanawe, halafu akaenda kusubiri lifti kama sisi wengine.

Wengi husikitika hapo: bingwa wa namna hii, mbona hajulikani? Na mimi nilisikitika. Sababu ziko wazi. Kamera haina pa kukaa. Chumba kimezibwa pande zote. Ukiweka kioo nyuma unaona migongo ya wachezaji, na mpira wenyewe ni mdogo, una kasi, na kwenye televisheni unapotea kabisa. Waandaaji wa Memphis walijaribu uwanja wa kuhamishika wa vioo kwa ajili ya kamera, na ulipendeza, lakini huwezi kuubeba kila wiki kwenda kila mji. Na bila televisheni hakuna wadhamini wakubwa, na bila wadhamini ndiyo unakuta glavu kwenye hita yangu.

Lakini kwa upande wa moyo wangu, mtu wangu si Waselenchuk. Ni Rocky Carson wa California. Kwa miaka na miaka Carson alikuwa wa pili. Fikiria kazi hiyo: unaamka, unafanya mazoezi, unapanda ndege, unawashinda wote, Jumapili unafika fainali na unamkuta mtu yuleyule. Unashindwa. Wiki mbili baadaye unapanda ndege tena. Alikuwa amemaliza msimu wa 2007–08 akiwa namba 1 wakati Waselenchuk hayupo kwenye ziara, na watu wakamwambia ni kwa sababu hiyo. Hakujibu. Akavaa jezi ya Marekani akashinda ubingwa wa dunia 2008, 2010, 2012, 2014 na 2016, mara tano mfululizo. Na msimu wa 2017–18, akiwa anaikaribia miaka 40, akamaliza tena namba 1. Miaka kumi kati ya taji la kwanza na la pili! Mzee alipokuwa anasumbuliwa na goti na kutaka kuacha, nilikuwa namtajia Carson tu, basi anavaa viatu.

Sasa nirudi kwa mgeni wangu.

Alikuwa na miaka 22, Mmexico wa Chihuahua kama Mzee. Alitakiwa kufikia kwa Mzee, lakini nyumba ya Mzee ilishajaa. Wawili chumbani, mmoja jikoni kwenye godoro la upepo. Mzee akanipigia simu usiku niko kazini. "Wewe una kochi?" Ndivyo ziara ya wanaume inavyokwenda. Ukiondoa walio juu kabisa, wengi hawafikii hotelini. Wanafikia kwa watu. Kila mji wenye mashindano una familia zinazofungua milango: daktari, fundi bomba, mwalimu, mtunza wazee. Na mashindano yenyewe ni ya wote. Ijumaa mpaka Jumapili, watu wa kawaida wanalipa kiingilio wacheze kwenye ngazi zao, vyumba vilevile, ratiba ileile, na sehemu ya fedha hiyo pamoja na mchango wa mwenye duka fulani au kampuni fulani ya mjini ndiyo inayosaidia kujaza zawadi za wachezaji wa kulipwa. Nimecheza saa mbili asubuhi ngazi ya chini, nikashindwa, na kwa desturi aliyeshindwa ndiye anayesimama kuwa refa wa mechi inayofuata. Kwa hiyo unapoteza, unajifuta jasho, unakabidhiwa kalamu na karatasi. Mchana wake, kwenye chumba hichohicho, anaingia mtu wa tatu duniani. Hata uongozi wa ziara uliwahi kuwa mikononi mwa Jason Mannino, aliyemaliza msimu wa 2002–03 akiwa namba 1. Ni kama kusema nahodha wa Taifa Stars amestaafu leo, kesho ndiye anayehangaika na ratiba na viti.

Kijana alicheza raundi ya mchujo Alhamisi, akashinda. Ya pili akashindwa seti ya mwisho. Nilimrudisha nyumbani na gari, hakusema neno njia nzima. Mke wangu alikuwa amepika wali na maharage ya nazi. Kijana akaonja, akainua macho, akauliza kwa ishara kama anaweza kuongeza, akala sahani mbili na nusu. Maharage aliyajua toka kwao, nazi ndani yake ndiyo mara ya kwanza. Baada ya hapo ulimi ukafunguka.

Alitoa simu akatuonyesha watu wake. Shujaa wake alikuwa Daniel De La Rosa, wa mji wa Parral jimboni kwao, ambaye baadaye alifika namba 1. Akatuonyesha Rodrigo Montoya, bingwa wa dunia wa 2018 kule Costa Rica, aliyekuwa ametoka kuchukua dhahabu ya Michezo ya Pan American mjini Lima miezi miwili kabla. Kisha akashusha sauti kidogo, kama mtu anayekiri jambo, akatuonyesha Mbolivia: Conrrado Moscoso, wa Sucre. Sucre uko mita kama 2,800 juu ya usawa wa bahari, hewa nyepesi, mpira unakwenda kama umetoka kwenye manati. Mtoto akikulia kwenye mpira wa namna hiyo, akishuka kwetu huku chini anaona kila kitu kinakwenda taratibu. Pale Lima, Moscoso na ndugu wa ukoo wa Keller, Roland na Carlos, walishinda mashindano ya timu ya wanaume, na ikawa dhahabu ya kwanza ya Bolivia katika historia yote ya Michezo ya Pan American. Nchi nzima, michezo yote, dhahabu ya kwanza, na imetoka kwenye kichumba cha kuta nne. Nilimwona kijana wa Mexico akiitazama video ya wapinzani wake kwa macho yanayong'aa. Hapo nikaelewa kwamba mchezo huu haufi kama wanavyosema Wamarekani. Umehama. Umepanda milima ukaenda kwa watu wanaoutaka.

Wahenga wanasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Sikuhitaji kumpa. Jumamosi asubuhi, mimi nimelala baada ya zamu, kijana aliwachukua wanangu wawili na watoto wa jirani, wakaenda naye jimu. Nilipoamka nikawafuata. Nikamkuta amepiga magoti sakafuni mbele ya binti yangu, wakati huo ana miaka minane, anamrekebisha vidole kwenye mpini. Anamwambia kwa Kiingereza chake cha kuungaunga: shika kama unampa mkono mgeni. Binti akaubana mpini, akaupiga mpira, ukagonga dari. Kijana akashangilia kama vile ameshinda yeye fainali.

Jumatatu alfajiri nilimpeleka uwanja wa ndege. Alikuwa anakwenda kufundisha watoto Texas wiki moja, kisha mashindano mengine. Nilimuuliza kama fedha aliyopata inatosha nauli. Akacheka, akatikisa kiganja: hivihivi. Aliniachia glavu moja, ambayo naweza kusema haikuwahi kulainika tena.

Mke wangu akaniuliza tena jioni ile, safari hii bila mzaha: kwa nini wanafanya? Nikamwambia ninavyoamini mpaka leo. Mtu akishajua kufanya jambo kwa kiwango kile, jambo lenyewe linamdai. Halimuulizi kama kuna watu wanatazama. Na sisi tunaofungua milango hatuwafanyii hisani. Sisi ndio watazamaji wao, ndio wapinzani wao wa asubuhi, ndio hoteli yao, ndio ziara yenyewe. Ukituondoa sisi hakuna kitu kinachobaki.

Na tunaondolewa taratibu. Hilo ndilo linaloniuma.

Jimu aliyonipeleka Mzee ilikuwa na vyumba vinne. Kimoja kikawa cha baiskeli zisizokwenda popote. Cha pili na cha tatu vikavunjwa ukuta wa kati, vikawekwa vyuma. Tukabaki na kimoja, tunajiandikisha kwenye ubao wiki nzima kabla. Kisha ikaja korona, milango ikafungwa, na ilipofunguliwa tukaambiwa hicho cha mwisho nacho kina mwezi mmoja. Nilikwenda kumwona meneja. Alinikaribisha vizuri, akanionyesha hesabu: chumba kile kinatumiwa na watu wawili kwa saa nzima, kikiwekwa mashine kitatumiwa na watu 20, na ada ya wote ni sawa. Hesabu haina kosa. Ndiyo hesabu iliyovunja vyumba Marekani nzima tangu miaka ya 80, baada ya ile homa ya mwanzo iliyowafanya watu wajenge kila mahali. Nilimwambia kwamba kuna kitu hakimo kwenye hesabu ile, nikataka kumweleza habari za kochi, na glavu, na binti yangu na mpini, lakini maneno yalinitoka vibaya. Alisikiliza. Akasema pole.

Siku hizi watu wanahamia pikoboli (pickleball), mchezo wenye neti, na hata De La Rosa anacheza huko kwa kulipwa. Simlaumu hata kidogo. Ana familia, na kule kuna fedha. Ila nikimwona kwenye video akigonga kile kimpira chepesi cha plastiki juu ya neti, naona mikono iliyofundishwa kupiga milimita moja juu ya sakafu, na roho inakataa kutulia.

Ijumaa ya mwisho kabla ya kuvunja, tuliandika majina yetu saa mbili usiku, mimi na Mzee. Alikuwa ameshastaafu, goti limefungwa bendeji nene. Mwanga mmoja wa darini ulikuwa umeungua na hakuna aliyejali kuubadilisha; Mzee aliutazama kwa muda mrefu, jicho la fundi, akatikisa kichwa. Tulicheza seti ya kufika 15. Alinipeleka huku na huku kwa mipira ya dari, yule mzee, kama Brumfield enzi zake. Tukafika 14 kwa 13, yeye anaongoza, na mpira wa kuanzisha ni wake.

Akaanzisha polepole, kushoto kwangu. Nikarudisha kwenye dari. Akasubiri, akauacha mpira ushuke, ushuke, mpaka usawa wa kifundo cha mguu, akaupiga. Ukaviringika hadi miguuni kwangu. Mimi nilisikia pa. Nilishaanza kumwendea na mkono nimeunyoosha nimpongeze.

Mzee alikuwa bado ameinama, anaitazama ile kona ya mbele.

"Chini," akasema.

Akauokota mpira, akaufuta kwenye fulana, akanirushia. Nikasogea kwenye mstari kuanzisha.